Gari Lisilokohoa

Aliingia kontenani na baridi yake mabegani,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
akavua glavu moja tu, ya mkono wenye funguo.
Dulamsuren, akasema. Nataka gari lipige kelele.

Nikamshushia makasha rafuni: hiki cha Kikorea,
hiki rahisi, hiki kina rimoti
ya kuwashia gari ukiwa ghorofa ya tisa.
Hakutazama. "Chenye sauti kubwa."
"Wezi wa betri?" nikauliza, maana Ulaanbaatar msimu huu
wanayafyonza magari kama mayai.
Akanyamaza, na haukuwa ukimya wa kupatana bei.

Gari la mseto, lililokuja kwa meli na treni kutoka Japani,
usukani kulia, upande ambao barabara zetu hazikuuomba,
na kibandiko cha duka la maua la mji nisioweza kuutamka.
Tumurkhuyag, mwanafunzi wangu, akaparamia boneti.
Nikamdaka mkono.
"Unauona waya wa rangi ya chungwa?"
"Nauona."
"Huo si waya. Huo ni mkwe.
Unausalimia kwa mbali na kupita."

Chakula cha king'ora kiko nyuma, ndani ya buti:
betri ndogo, volti kumi na mbili, imejikunyata kama paka.
Fundi mgeni hutafuta mtetemo wa injini
ili king'ora kijue gari limeamka.
Atangoja sana. Injini imelala
na gari linakwenda.

Nikabandua plastiki za mlango.
Vibanio viwili vikakatika kwa baridi, tak, tak, kama kucha.
Chini ya zulia la dereva, maganda ya mbegu za msonobari
na kipande cha tiketi ya mieleka ya kiangazi.
Nikaviweka kwenye kifuniko cha kopo, mbele yake.
Akavitazama kama mtu anayesoma risiti ya zamani.

Ndipo akasema, kikombe cha chai ya chumvi kikimfukia usoni:

"Galsan aliondoka nalo alfajiri.
Nilikuwa macho. Nilikuwa nasikiliza.
Lile la baba yangu, la Kirusi, lilikohoa
hadi mtaa mzima ukajua safari yetu.
Hili halikukohoa.
Nilisikia theluji ikisagika, nikadhani ni mbwa.
Gari limerudi kwa barua ya mahakama. Gari tu."

Jiko la makaa likatema cheche.
Tumurkhuyag akajifanya anahesabu fyuzi.

"Sasa nina kijana wa miaka kumi na saba.
Ana miguu ya baba yake.
Je, linaweza kulia mtu akiondoka nalo?
Hata mwenye funguo?"

Miaka kumi na minne nimekuwa nikimfungia nje aingiaye.
Kitabu cha maelekezo hakina ukurasa wa atokaye.
Nikachukua koleo, nikakata pale kisemapo usikate,
nikalehemu waya wa kijani kwenye waya wa taa ya "tayari",
nikaufunga utepe mara tatu, na mara ya nne kwa woga.
Kila litakapoamka litapiga mara tatu, fupi fupi.
Na swichi ya kulinyamazisha?
Sikuiweka. Niliishika mkononi muda mrefu,
nikairudisha mfukoni.

Tulipolijaribu, mbwa wa kilima kizima waliitikia
na jirani akagonga bati kwa mwiko.
Dulamsuren alicheka, mara moja, kwa pua.
Akalipa noti zilizokunjwa ndogo sana.
Maganda akayaacha. Tiketi, sikuiona tena.

Hiyo ilikuwa Jumanne.
Ijumaa, kabla ya mapambazuko, nikiwa naparura barafu mlangoni,
nikazisikia kutoka mtaa wa juu: moja, mbili, tatu.
Nikasimama na koleo la theluji hewani.
Theluji haikusagika.
Dirisha likafunguliwa,
na sauti ya mwanamke, bila hasira, ikauliza,
"Umekula?"